Riyadh Nyingine

Ijumaa iliyopita, baada ya sala ya alasiri, nyumba moja katika nyumba zetu iligeuka baraza la mpira. Tunasema "zetu", wapenzi wasomaji, kwa kuwa kina mama tunaoandika safu hii hukutana kwa mwenzetu mmoja kila juma, na lililo la nyumba moja huwa ni la nyumba zote. Mvulana wa nyumba hiyo, mwenye umri wa miaka 16, alikuwa amevaa fulana yake ya manjano na buluu yenye namba 7 mgongoni. Alikuwa akilalamika kwamba Al Nassr ya Riyadh imemchukua mchezaji anayejulikana na dunia nzima, na bado kombe la ligi hupita mlangoni pao likienda kwa jirani. Dada yake wa miaka 13 alikuwa akikunja nguo zilizoanuliwa. Hakuinua hata kichwa. Alisema tu, "Mbona Al Nassr imechukua ligi mara 3 mfululizo? Ni wewe uliyekuwa ukitazama timu nyingine."

Kakake alicheka, akatoa simu ili amwonyeshe kuwa amekosea. Alipokwisha kusoma hakucheka tena.

Binti yule hakusema vile kwa ajili ya kumfedhehesha kakake tu. Ndani ya mkoba wake wa shule mlikuwa na karatasi kutoka kwa mwalimu wa michezo, ikimwomba mzazi atie sahihi ili mtoto aingie katika timu ya kandanda ya wasichana. Karatasi hiyo ilikuwa imelala mkobani siku 9. Alikuwa akingoja siku ambayo mpira ungetajwa nyumbani kwa uzuri, naye apate pa kuanzia.

Kwa hiyo juma hili tumeona tuizungumzie hiyo timu nyingine ya Al Nassr, na yale tuliyojifunza kwayo tulipokuwa tukiitazama ile karatasi.

Ligi Kuu ya Wanawake ya Saudia ilianza Oktoba 2022. Klabu zilikuwa 8: Al Nassr, Al Hilal, Al Shabab, Al Yamamah na Sama za Riyadh, Al Ahli na Al Ittihad za Jeddah, na Eastern Flames ya upande wa mashariki mwa nchi. Kila klabu hukutana na kila nyingine mara mbili, nyumbani na ugenini, hivyo kila timu ilikuwa na mechi 14, na ligi nzima mechi 56. Ushindi huleta pointi 3, sare pointi 1, na aliyefungwa huondoka mikono mitupu. Mambo haya tunayaeleza kwa utaratibu kwa ajili ya kina mama wenzetu ambao, kama sisi, wamezoea kuusikia mpira kutoka jikoni.

Msimu ule wa kwanza uliisha Al Nassr ikiwa kileleni. Katikati ya msimu huo huo, mwisho wa Desemba 2022, klabu ilitangaza kwamba imemsajili Cristiano Ronaldo, na macho ya ulimwengu yakaelekezwa Riyadh. Wanaume wakamaliza wa pili, nyuma ya Al Ittihad. Msimu wa 2023–24 wanawake wa Al Nassr wakatwaa tena ubingwa, na wanaume wakawa wa pili nyuma ya Al Hilal. Msimu wa 2024–25 ligi ya wanawake ilikuwa imekua ikafika klabu 10, ikimaanisha mechi 18 kwa kila timu. Ubingwa ukarudi pale pale, huku wanaume wakishika nafasi ya tatu. Misimu mitatu, makombe matatu, chini ya jina lile lile na rangi zile zile ambazo vijana wetu huzivaa kila Jumamosi. Na katika nyumba yenye fulana mbili za klabu hiyo, ni mtoto mmoja tu aliyekuwa na habari.

Tuliulizana kwa nini. Jibu jepesi ni kwamba mpira wa wanawake hauonyeshwi sana. Tunadhani liko jingine: sisi wenyewe hatukutarajia kuwa jambo kama hilo lipo katika nchi hiyo, na asiyetarajia kitu hakitafuti.

Mpira huo haukushuka Saudia kama mvua ya ghafla. Wasichana wa Riyadh, Jeddah na Dammam walikuwa wakicheza katika vikundi vyao miaka mingi kabla ya kuwapo ligi yoyote, ndani ya kuta, bila watazamaji wala marefa wa kutambulika. Mwaka 2017 serikali ilitangaza kwamba wasichana wa shule za umma watafundishwa mazoezi ya viungo. Tarehe 12 Januari 2018, katika uwanja wa Jeddah, wanawake waliruhusiwa kwa mara ya kwanza kuingia kutazama mechi ya ligi ya wanaume, wakiwa katika sehemu ya familia. Mwishoni mwa mwaka 2020 yakafanyika mashindano ya kwanza ya wanawake yaliyokusanya timu za miji mitatu. Tarehe 20 Februari 2022 timu ya taifa ya wanawake ilicheza mechi yake ya kwanza huko Maldives, ikaifunga Ushelisheli mabao 2 kwa 0. Ndipo, miezi 8 baadaye, ligi kuu ikaanza. Januari 2023 Anoud Al Asmari akawa mwanamke wa kwanza wa Saudia kupata beji ya urefa wa kimataifa.

Zihesabuni hatua hizo, wasomaji. Darasa la mazoezi shuleni, kiti uwanjani, mashindano ya miji, timu ya taifa, ligi, kisha refa. Kila hatua ilitengenezwa na watu wazima waliokaa wakaulizana maswali: nani atawafundisha, watavaa nini, watasafiri na nani, watalipwa vipi. Ruhusa peke yake haichezi mpira. Mtu anaweza kumwambia binti yake "nenda", na binti akatoka asione pa kwenda.

Tuliyapenda maswali hayo kwa sababu ndiyo maswali yetu. Bibi wa nyumba ile alipoonyeshwa picha za mechi kwenye simu hakuuliza nani amefunga. Aliuliza, "Wamevaa nini?" Tukatazama pamoja naye. Wapo waliovaa hijabu, mikono mirefu na suruali za kubana chini ya bukta. Na wapo wasiovaa hijabu, hasa wageni, kwani si kila mchezaji ni Mwislamu na hata walio Waislamu hawakufanana. Bibi aliwaangalia kwa muda, akamnyooshea kidole mmoja aliyejifunika vyema na kusema, "Huyu anakimbia kushinda wote." Kama ilikuwa kweli hatujui, lakini tangu hapo aliitaka simu isogezwe karibu.

Jambo la vazi lina historia inayofaa kujulikana na kila mama mwenye binti anayependa mchezo. Hadi miaka ya karibuni, sheria za soka za kimataifa hazikuruhusu kitambaa cha kichwa. Juni 2011 timu ya wanawake ya Iran ilizuiwa kucheza na Jordan mjini Amman, katika mechi ya kufuzu Olimpiki, kwa sababu ya hijabu zao. Walikuwa wamekwisha kuvaa jezi, wamekwisha kuingia uwanjani, wakaambiwa watoke. Wako waliotoka wakilia. Ali bin Hussein, mwanamfalme wa Jordan, aliyekuwa makamu wa rais wa FIFA, akalichukua jambo hilo. Mwaka 2012 hijabu ikaruhusiwa kwa majaribio, na Machi 2014 ikaruhusiwa moja kwa moja. Jambo lililodhaniwa kuwa la hatari kwa shingo ya mchezaji lilitatuliwa kwa kubuniwa kitambaa kinachoshika bila pini.

Matunda ya uamuzi huo yalionekana tarehe 30 Julai 2023, katika mji wa Adelaide nchini Australia. Morocco, nchi ya kwanza ya Kiarabu kufika Kombe la Dunia la Wanawake, ilikuwa ikicheza na Korea Kusini. Katika safu ya ulinzi alisimama Nouhaila Benzina, na kwa kusimama pale akawa mwanamke wa kwanza kucheza na hijabu katika Kombe la Dunia la timu za wakubwa. Dakika ya 6, Ibtissam Jraïdi alifunga kwa kichwa, na bao hilo likatosha: Morocco 1, Korea Kusini 0. Benzina alikuwa akichezea AS FAR, klabu ya jeshi ya Rabat. Jraïdi alikuwa amepitia klabu hiyo hiyo. Novemba 2022 aliifungia mabao 3 katika fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, ilipoilaza Mamelodi Sundowns ya Afrika Kusini mabao 4 kwa 0. Na wakati ule wa Kombe la Dunia alikuwa mchezaji wa Al Ahli ya Jeddah. Bao la kwanza la Morocco katika Kombe la Dunia la Wanawake lilifungwa, basi, na mwanamke aliyekuwa akipata riziki yake katika ligi ile ile ambayo sisi hatukujua ipo.

Katika mashindano hayo ya Afrika ya mwaka 2022 walikuwapo pia dada zetu wa Simba Queens ya Dar es Salaam. Mechi ya ufunguzi walifungwa na AS FAR bao 1 kwa 0, wakajikusanya, wakashinda mechi mbili zilizofuata na kufika nusu fainali. Walimaliza wa nne. Wanaosema Waswahili hawajui mpira wa wanawake hawakuwa wakitazama.

Na kama ni Mswahili anayetafutwa, yuko Riyadh kwenyewe. Clara Luvanga ni Mtanzania, mshambuliaji. Alianzia Yanga Princess, akaenda Uhispania katika klabu ya Dux Logroño, kisha mwaka 2023 akajiunga na Al Nassr. Amekuwa miongoni mwa wafungaji wake, na amekuwamo katika kikosi kilichotetea ubingwa. Binti yetu alipotusomea hayo, alilitamka jina la Clara kama mtu anayemtaja binamu yake aliyefaulu mtihani. Tulielewa. Mtoto haoni njia mpaka amwone anayefanana naye akiipita.

Hapo ndipo shangazi yake, aliyekuwa amekaa kimya kwenye mkeka na kikombe chake cha chai ya tangawizi, aliposema maneno ambayo yamekaa nasi juma zima.

"Nilikaa mji huo miaka 4," alisema. "Naijua rangi ya vigae vya jikoni. Najua saa ambayo maji huja moto na saa ambayo mtoto mdogo huamka. Uwanja sikuuona. Wala sikujua kama mna wasichana waitwao kwa majina yao wakashangiliwa."

Msomaji wa Pwani hahitaji kuelezwa. Kwetu, neno "Riyadh" lina maana mbili. Moja ni ya nchi ya Makka na Madina, ya umra na hija na tende. Nyingine ni ya pasi ya kusafiria iliyopatikana kwa haraka, wakala, mkataba wa miaka 2 usiosomwa wote, kilio cha uwanja wa ndege, na pesa zinazoingia kwenye simu kila mwezi mpaka mabati yapande juu ya nyumba. Wapo waliokwenda wakapata waajiri wenye hofu ya Mungu, wakarudi na heshima zao na akiba. Wapo wasiobahatika. Shangazi huyu alinyang'anywa simu miezi 5 ya mwanzo, na hakuwahi kupewa siku kamili ya kupumzika. Ameezeka nyumba ya mamake na amesomesha wadogo zake wawili. Mgongo wake haujapona. Hatumtaji aliyemwajiri, shangazi mwenyewe amesema amemwachia Mungu.

Kazi ya nyumbani ni kazi ya halali na ya heshima, na wengi wetu tumekula kwa jasho la dada zetu walio huko. Tulilokuwa tukilitazama Ijumaa ile ni tofauti ya namna ya kupokewa. Mwanamke mmoja wa Afrika Mashariki anatua katika mji ule akiwa na mkataba ulioandikishwa, daktari wa timu, siku za mapumziko zilizopangwa, na chombo cha kushtakia akidhulumiwa. Mwingine anatua na begi na sala za mamake. Tangu Januari 2021 kanuni za FIFA zinamlinda mchezaji hata akishika mimba: likizo ya uzazi isiyopungua wiki 14, kwa angalau theluthi mbili za mshahara, na klabu haina haki ya kuvunja mkataba wake kwa sababu ya ujauzito. Mama mmoja miongoni mwetu, ambaye aliachishwa kazi ya duka alipokuwa na mimba ya miezi 6, aliomba tumsomee kifungu hicho tena. Tukamsomea tena.

Shangazi hakusema kwamba mpwa wake aende Riyadh kucheza mpira. Alisema hivi: "Mimi nilikwenda kwa sababu hapa sikuwa nimeandaliwa kitu chochote. Huyu mwandalieni kitu, kiwe chochote, ili akitoka siku moja atoke na jina lake." Kisha akamalizia chai.

Tungekuwa hatusemi kweli kama tungeacha upande wa pili. Baba wa binti yule, ambaye ni mtu mpole na mwenye kusoma, ana wasiwasi wake, na hatukuuona kuwa wa kijinga. Alisema mtoto wa miaka 13 amekwisha kuwa mwali, na uwanja wa shule hauna ukuta. Alisema mazoezi yanaisha saa 12 kasorobo jioni, na kutoka hapo mpaka nyumbani ni matatu moja na mwendo wa dakika 10 gizani, nayo magharibi imeingia. Alisema mwalimu wa timu ni mwanamume. Alisema pia, kwa sauti ya chini, kwamba amewaona wasichana waliosifiwa sana kwa mpira na baadaye wakaachwa bila shule wala mpira.

Wanazuoni wetu wenyewe wana maoni tofauti kuhusu wanawake kucheza mbele ya watazamaji wanaume, na safu hii haina mamlaka ya kuamua kati yao. Kila nyumba imuulize mwanachuoni wake inayemwamini. Mazoezi yenyewe si mageni katika dini yetu: wengi wetu tulisimuliwa chuoni jinsi Mtume, rehema na amani zimshukie, alivyoshindana mbio na Bi Aisha, Mungu amwie radhi, mara ya kwanza Bi Aisha akamshinda, na miaka ya baadaye yeye akamshinda Bi Aisha, kwa furaha na mzaha wa mke na mume. Basi tulipoyapanga maneno ya baba yule, tuliona kwamba hofu zake 4 hazikuwa hofu za mpira. Zilikuwa hofu za saa, za ukuta, za mwalimu na za kesho. Na hizo zote ni vitu ambavyo watu wazima wanaweza kuvitengeneza wakitaka.

Hapo ndipo tulipokumbuka kwamba Pwani yetu haianzi patupu. Kilifi kuna shirika la Moving the Goalposts, ambalo kwa zaidi ya miaka 20 limewakusanya wasichana wa vijijini kwa kandanda, na humo humo mwenye mpira wakafundishwa kuongoza, kutunza afya zao na kubaki shuleni. Wasichana wenyewe huwa makocha, marefa na wasimamizi wa ligi za vijiji. Na nchini kwa jumla, mwaka 2021 Vihiga Queens walitwaa ubingwa wa kwanza wa klabu za wanawake za Afrika Mashariki na Kati, uliofanyika Nairobi. Mwaka 2024 wasichana wetu wa chini ya miaka 17, Junior Starlets, wakawa timu ya kwanza ya soka ya Kenya, ya wanaume au wanawake, kufuzu Kombe la Dunia la FIFA. Walikwenda Jamhuri ya Dominika. Walikuwa watoto wa kidato, wenye madaftari ya kumalizia.

Mwanzo upo, na kilele kimeonekana. Kinachotupungukia sisi wa mji ni katikati. Shule nyingi zina timu inayoundwa majuma mawili kabla ya mashindano ya wilaya na kuvunjwa siku ile ile inapotolewa. Binti anacheza mechi 2, anasifiwa, halafu mpira unafungiwa stoo hadi mwaka ujao, na mwaka ujao ameshaambiwa yeye sasa ni mkubwa. Hapo hapana msimu. Al Nassr isingekuwa bingwa kwa mechi 2. Ilikuwa bingwa kwa mechi 14, kisha 14, kisha 18, zikiwamo zile ilizocheza ikiwa imechoka, au baada ya kuumia mchezaji tegemeo. Msimu humfundisha mtoto mambo ambayo mechi moja haiwezi kumfundisha: kufungwa Ijumaa na kurudi mazoezini Jumapili, kukaa benchi bila kununa, kujua kwamba pointi 1 ya sare ya leo inaweza kuwa ndiyo tofauti ya mwisho. Haba na haba, walisema wazee, na kibaba cha ligi hujazwa vivyo hivyo.

Mcheza kwao hutunzwa. Hayo nayo walisema wazee. Tulijiuliza, je, kama kwao hapana pa kuchezea, atatunzwa wapi? Clara alipata pa kuanzia kwao, Yanga Princess, kabla Uhispania na Saudia hazijamjua. Ndipo wengine wakaja kumtafuta.

Jumatatu mama wa binti yule alifunga safari hadi shuleni, nasi wawili tukamsindikiza. Hatukwenda kugomba. Tulichukua karatasi ile pamoja na nyingine tuliyoiandika wenyewe, yenye maombi 4. Kwanza, wasichana waruhusiwe kuvaa suruali ndefu, mikono mirefu na hijabu ya michezo, bila kuulizwa kila mara. Pili, awepo mwalimu mwanamke katika mazoezi yote na safari zote. Tatu, mazoezi yaishe saa 11 jioni, ili mtoto afike nyumbani na jua lingalipo. Nne, timu isivunjwe baada ya mashindano; shule ipange angalau mechi moja kila juma la pili na shule za jirani, muhula mzima, na matokeo yaandikwe ubaoni kama yanavyoandikwa ya wavulana.

Mwalimu mkuu alitusikiliza vizuri. La kwanza alilikubali papo hapo, akasema halikuwahi kukatazwa ila hakuna aliyeuliza. La pili alilikubali pia. Mwalimu wa sayansi kimu alikuwa mlangoni akingoja zamu yake, akaingia akasema yeye alicheza chuoni na yuko tayari. La tatu amesema atalitazama, kwa sababu uwanja ni mmoja na wavulana ndio wa mwanzo kuutumia. Tulimwuliza kama wavulana hawawezi kuwa wa pili siku 2 kwa juma. Akacheka kidogo, akaandika katika daftari lake. La nne amesema ni gumu, kwa kuwa nauli za kwenda shule nyingine hazimo katika bajeti. Tulimwomba asilifute, alibakize kwenye karatasi.

Baba hajatia sahihi. Amesema atatia siku ile saa itakapobadilishwa, na neno lake huwa halirudi nyuma. Binti ameipokea hukumu hiyo bila machozi. Amekata karatasi ya daftari, ameigawa safu 8, na kuibandika ndani ya mlango wa kabati lake. Kila safu ina jina la shule moja ya mtaa wetu yenye wasichana wanaocheza, na mbele ya kila jina ameacha nafasi za mechi, mabao na pointi. Zote bado ni tupu. Kakake ndiye aliyemsaidia kupiga mistari, maana yeye ana rula ndefu.

Mwenye binti aliye na karatasi mkobani tunamwomba aulize mambo mawili jioni ya leo: "Mwanangu, una kitu hujanionyesha?" na, kwa mwalimu wake, "Mazoezi yanaisha saa ngapi?" Na ikiwa shule ya mtaani kwenu inatafuta wa kucheza naye, tupelekeeni habari. Nauli tutaichanga. Kabatini mna safu 7 zinazongoja wapinzani.